Kibweta cha Shangani

SEHEMU YA KWANZA

"Andika mpingo tu, Fundi Haji. Neno moja, na laki mbili zako hizi hapa."

Sudi dalali alikwishazitoa noti mfukoni na kuzibana chini ya randa zisipeperuke. Kando yake, juu ya meza ya kazi, kilikaa kibweta cha kuandikia: cheusi tii, upana wake dhiraa moja, kona zimevikwa shaba, na shaba nyingine imelizunguka tundu la ufunguo. Ukikifungua, pande mbili hukunjuka zikawa ubao wa mteremko wa kuwekea karatasi. Ndani mna kihori cha kalamu na visima viwili vya wino. Vibweta vya namna hii, manahodha na wafanyabiashara wa karne ya 19 walisafiri navyo pande zote za dunia, na Unguja vilifika kwa sababu wenyewe walifika.

"Umekitoa wapi?" Fundi Haji aliuliza.

"Shangani, kwa bibi mmoja. Nyumba inaanguka, vyombo vinatoka. Mgeni wangu keshatoa arubuni, Jumatatu anapanda ndege. Anachotaka ni karatasi ya fundi mwenye jina, aseme huu mti gani. Sasa Mji Mkongwe huu nani asiyekujua wewe, yakhe?"

Fundi Haji alizaliwa juu ya karakana hii ya Mkunazini. Patasi alizozitumia zilikuwa za baba yake, na mipini ya baadhi yake bado ina alama za vidole vya marehemu. Amefufua milango ya njumu, amechonga viti vya enzi, na mpingo ameupasua tangu ujana wake. Mti huo hakuusikia kwa watu.

Akakinyanyua kibweta kwa mikono miwili, akakirudisha. Mita moja ya ujazo ya mpingo mkavu hupita kilo 1,200, na mtu aliyezoea kuubeba hushtuka anaposhika kitu cheusi chepesi. Lakini kibweta kina uwazi ndani, na pembeni kwenye bawaba ya kifuniko alikwishaona vinia imebanduka kidogo. Kitu cha vinia hakihukumiwi kwa uzito. Mbao ya juu ni ganda tu.

Akachovya pamba kwenye spiriti, akaipitisha kwenye ukingo wa kifuniko taratibu. Vanishi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa lakiri, na lakiri haistahimili spiriti hata kidogo. Pamba ikarudi nyeusi.

"Uchafu huo," Sudi akawahi.

"Rangi. Mpingo una haja gani ya kupakwa weusi?"

Pale palipofutwa pakajitokeza mti wa hudhurungi iliyoiva, wenye mistari ya zambarau inayokaribia weusi. Sudi aliinama akatazama, kisha akatazama saa yake. Fundi Haji akazitoa noti chini ya randa, akazirudisha mkononi mwa mwenyewe, akamwambia arudi Jumapili baada ya magharibi. Dalali alisitasita mlangoni, akakipiga picha kibweta, ndipo akaenda.

Zuwena, mjukuu wa Fundi Haji, aliingia na boti ya jioni. Alikuwa akisomea misitu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na likizo zake zote alizimalizia kwenye karakana, nguo zimejaa unga wa mbao.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu. Mkoba usiutue hata, njoo uone kitu."

Walikata kibanzi pale vinia ilipobanduka, kidogo kuliko ukucha. Fundi Haji akachukua na kibanzi cha mpingo kutoka kwenye bakora aliyokuwa akiichonga, akajaza maji bilauri ya kioo. Kibanzi cha mpingo kilikwenda moja kwa moja hadi chini. Cha pili Zuwena alikizamisha kwa ncha ya sindano, akakibana dhidi ya kioo, akakisugua mpaka viputo vya hewa vikaisha. Hakutaka hewa iliyonaswa imdanganye.

Akakiachia. Kikapanda juu, kikaelea.

Fundi Haji alivua miwani. Mtiki wa Bara Hindi aliujua kwa harufu, mninga kwa rangi, mbambakofi kwa uzito, mvule na mfenesi hata gizani. "Zuwena," akasema, "kila mti ulioingia bandari hii nimeushika. Huu siujui."

SEHEMU YA PILI

Asubuhi yake Zuwena alikwenda kwa sonara wa jirani kuazima lenzi ya kukagulia dhahabu, ile inayokuza mara kumi. Njiani akanunua wembe mpya, na kwa mwenye duka la kubadilishia fedha akaomba kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti bandia. Yule mwenye duka alicheka, akampa.

"Babu, uso wa ubao tuuache," alisema. "Jua limeubadili, vanishi imeubadili, na aliyetia rangi naye kaubadili. Tutazame kichwa chake, pale mti ulipokatwa katikati ya nyuzi."

Hapa niseme wazi, msomaji. Watu wengi, hata wenye maduka makubwa ya vitu vya kale, huutaja mti kwa rangi yake. Samani za maelfu ya dola zimeuzwa kwa majina ya uongo kwa sababu hiyo, na wauzaji wengine hawakukusudia hata kudanganya. Rangi ndiyo ya kwanza kubadilika. Matundu ambayo mti uliyanywea maji ulipokuwa hai hayabadiliki, hata ukipakwa nini na hata zikipita karne ngapi.

Akaukata ukingo wa vinia kwa wembe, mkato mmoja safi, kwa kuwa wembe butu huponda matundu yakafumbika. Akaulowesha kwa ncha ya ulimi, akaegemea dirishani kwenye mwanga.

"Matundu makubwa, machache. Yametawanyika ovyo. Mengine yamezibwa na ulimbo mweusi."

"Mtiki?"

"Mtiki huyapanga. Kila mwaka unapoanza, matundu makubwa hukaa mstari mmoja. Haya hayana mpango. Na mpingo matundu yake ni madogo sana, kwa jicho tupu huyaoni. Haya unayaona hata bila lenzi."

Akaugeuza ubao uso juu, akasugua kidogo pale palipofutwa rangi, akainamisha kichwa ili mwanga upite pembeni. Akanyamaza kwa muda mrefu.

"Njoo babu. Tazama hapa. Unaona mistari midogo midogo, imelala sambamba?"

Fundi Haji akaiona, myembamba mno, imepangana kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Kwa miaka yote aliyoishi na mbao alikuwa akiipitisha randa juu yake bila kuiuliza ina maana gani. Zuwena akamweleza: ni chembe za mti zilizojipanga ghorofa kwa ghorofa, na si miti yote iliyo nazo. Mninga unazo. Mpingo na ndugu zake wanazo.

"Basi mninga?"

Hilo ndilo lililomfanya aazime kitaa. Walichukua vumbi la mninga kutoka sakafuni, wakalitia kwenye bilauri ya maji, na vumbi la vinia wakalitia kwenye bilauri nyingine. Walisubiri, wakafunga madirisha, Zuwena akawasha kitaa. Maji ya mninga yakawaka buluu, buluu ya kung'aa isiyotarajiwa kwenye mti mwekundu. Ukoo wa mninga una sifa hiyo, na wataalamu wa Ulaya walishaandika habari za sifa kama hiyo katika karne ya 16, walipoletewa mti wa dawa uliogeuza maji kuwa buluu. Bilauri ya pili ilibaki giza.

"Si mninga," Zuwena akasema. "Ni ndugu wa mpingo, lakini mwepesi. Dalbergia. Sasa ukoo huo una miti mingi, babu. Sesemi ya Bara Hindi imo. Ya Madagaska imo. Ya Brazili imo. Mita ya ujazo ya sesemi ni kilo mia nane na kitu, na ya Brazili vilevile, zote zinaelea. Lenzi imetufikisha kwenye ukoo, haitatufikisha kwenye nyumba."

"Na mtu akitaka kujua nyumba?"

"Kuna maabara. Ashland, Oregon, kule Marekani, wanakipasha moto kibanzi mbele ya mashine inayosoma kemikali zake, na mashine inawaambia ni Dalbergia ipi. Kew, London, nako wana mkusanyiko mkubwa wa mbao za kulinganishia. Lakini Jumapili ni kesho."

Fundi Haji akakishika tena kibweta. Akakipindua, akakigonga sakafu yake kwa kidole, akasikiliza. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna chuo kilichomfundisha Zuwena.

"Mwenye kutengeneza chombo," alisema, "pesa yake huiweka usoni. Ndani, asipoona mtu, hutia mbao ya kwao, ya bei rahisi. Kama unataka kujua fundi alikaa wapi, mtazame pale alipojificha."

Akaingiza kisu chini ya mahameli iliyochakaa, akaifunua kwa utaratibu kama anayemvua mgonjwa bendeji. Chini yake kulikuwa na ubao mweupe unaoelekea manjano, laini, ambao haujawahi kupakwa chochote. Zuwena akaukata kwa wembe. Akaweka lenzi. Akaitoa, akaifuta kwa upindo wa kanga, akairudisha jichoni.

"Babu," sauti yake ilikuwa chini. "Mti huu hauna matundu."

SEHEMU YA TATU

"Mti gani usio na matundu? Hunyweaje maji?"

"Kwa nyuzi zake zenyewe. Paini. Mierezi. Miti ya koni yote ndivyo ilivyo."

"Kama mivinje ya pwani?"

"Mvinje unakuchezea, babu. Majani yake yanafanana na ya paini, lakini ukiukata una matundu kama mwembe. Huu ni paini kweli. Na tazama, hivi vitone vichache ni mifereji ya ulimbo."

Uso wa Fundi Haji ukasawijika. Paini kwake ilikuwa ni mbao ya Mufindi, ya mashamba makubwa ya Sao Hill, inayopakiwa kwenye malori hadi Dar es Salaam na kuvushwa kwa ajili ya mapaa na vitanda vya bei nafuu. Kibweta chenye sakafu ya paini, basi, kimetengenezwa juzi. Shaba imezeeshwa kwa dawa, mahameli imechakazwa makusudi, na yeye alikaribia kukipa heshima.

Lakini Zuwena hakuiondoa lenzi. Alikuwa akihesabu.

"Paini ya Sao Hill hukua mbio, pete zake za mwaka ni pana. Nimezipima darasani kwa mikono yangu hii. Hapa, upana wa ukucha wa kidole gumba, nimehesabu pete zaidi ya ishirini. Mti huu ulikua polepole mno, nchi ya baridi, ndani ya msitu wa zamani uliosongamana. Kipande hiki hakikutoka Mufindi, babu."

"Kimetoka wapi?"

Alilokisia Zuwena lina ushahidi katika historia ya mji wenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na mwaka 1837 akaja Unguja balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Majahazi ya Salem yaliteremsha nguo za pamba, ndiyo hiyo merikani ya bibi zetu, yakapakia pembe, ngozi na sandarusi. Na misitu ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ilijaa paini nyeupe, ambayo maseremala wa huko waliitumia kwa kila kisichoonekana: migongo ya makabati, sakafu za saraka, matumbo ya vibweta.

"Nayo vinia?"

"Vinia ni nene, inapita milimita moja, ya kupasuliwa kwa msumeno. Za viwanda vya leo ni nyembamba zaidi ya hivyo. Na maseremala wa Marekani wa zama hizo, Dalbergia waliyoipenda ilitoka Brazili." Akameza mate. "Dalbergia nigra. Babu, huo ndio ulio taabuni kuliko yote."

Akamweleza. Mti huo huota katika misitu ya pwani ya Brazili tu, na ulikatwa kwa mamia ya miaka kwa ajili ya samani, piano na magitaa mpaka ukabaki wa kutafutwa. Mwaka 1992 mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, uliuweka Kiambatisho cha Kwanza, daraja moja na wanyama walio hatarini kabisa. Biashara yake kuvuka mipaka imefungwa, na hata kitu cha kale lazima kiwe na cheti cha kuthibitisha kwamba kilikuwapo kabla ya marufuku. Mpingo na ndugu wengine wote waliingizwa Kiambatisho cha Pili tarehe 2 Januari 2017. Huko masharti ni mepesi, na tangu mwishoni mwa 2019 kitu kilichokwisha tengenezwa, ikiwa mbao yake haizidi kilo 10, hupita bila kibali cha CITES.

Fundi Haji akakitazama kibweta. Kilikuwa na kilo nne, labda tano.

"Kwa hiyo nikiandika mpingo..."

"Kinapita. Ukiandika cha Brazili, kinazuiliwa."

Mzee alichukua simu yake ya vitufe, akampigia dalali. Hakumsalimia.

"Sudi, nikuulize, na Mungu anatusikia. Hili neno mpingo umelitoa wewe?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za Forodhani. "Mimi, Fundi? Mimi najua nini? Kalitoa mwenyewe mgeni. Kaniambia, mwambie fundi aandike mpingo, asiandike kingine. Tunakuja sasa hivi, hataki kungoja kesho."

Simu ikakatika. Fundi Haji alikaa kwenye kigoda. Jina lake katika mji huu ndilo alilokuwa nalo. Hakuwa na nyumba nyingine wala shamba la mikarafuu. Na mtu ambaye hajawahi kumwona alikuwa akitaka kulinunua kwa laki mbili. Zuwena alimwona anavyokunja na kukunjua vidole. Hakusema kitu, maana babu yake hakupenda kupozwa kwa maneno.

Ghafla mzee akainuka. "Visima vya wino," akasema. "Marehemu baba aliwahi kunionyesha kibweta kama hiki, nikiwa mtoto. Kilikuwa na siri."

Akavitoa visima vyote viwili. Kidole chake kikapapasa ukuta mwembamba wa pembeni, juu, chini, kikasimama. Akabonyeza. Kitu kikalia tak, kipande cha ukuta kikaruka kwa nguvu ya springi, na nyuma yake zikaonekana saraka mbili ndogo, kila moja na kishikizo cha utepe wa ngozi.

Ya kwanza ilikuwa tupu. Ya pili ilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Maandishi yalikuwa ya herufi za Kiarabu, lugha ya Kiswahili, ya mkono uliozoea penseli ya seremala kuliko kalamu. Fundi Haji akaisogeza kwenye mwanga. Zuwena, aliyesoma chuoni kwa mwalimu Mkunazini hapohapo, akafuata kwa macho juu ya bega lake.

*Bismillahi. Atakayefungua hapa ajue kwamba mbao ya kifuniko si ya asili. Iliyokuwapo ilivunjika. Niliyoiweka badala yake nimeipasua kwa mkono wangu, nikakipaka chote weusi pasijulikane.*

Chini yake palikuwa na jina. Mzee hakulisoma kwa sauti. Lilikuwa jina analoliombea dua kila Ijumaa, jina la mwenye patasi zile ukutani.

Zuwena alihisi damu inamshuka miguuni. Kibanzi kilichoelea, matundu, ile mistari, vumbi kwenye bilauri: vyote walivitoa mahali pamoja, kwenye kifuniko. Paini ilisema kweli juu ya sakafu. Lakini vinia waliyoipima tangu Ijumaa ilikuwa ya baba wa babu yake, na pande nne za kibweta, zilizolala chini ya weusi uleule, hawakuzigusa hata mara moja.

"Babu, alikuwa na mbao gani? Kaitoa wapi?"

"Geuza. Nyuma kuna maandishi mengine."

Hatua zikasikika ukumbini. Sudi akatangulia, anatabasamu, kalamu mkononi. Nyuma yake akaingia mgeni, mtu mrefu mwenye mvi, shati la kitani. Zuwena alimtazama macho. Hayakwenda kwenye kifuniko wala kwenye shaba. Yalikwenda moja kwa moja kwenye saraka iliyokuwa wazi, kisha kwenye karatasi.

Akaigeuza haraka. Mistari miwili tu. Akasoma wa kwanza, wa pili akaurudia, akaishika karatasi kifuani kwa mikono yote miwili.

"Usitie saini, babu. Usiandike kitu chochote."

Mgeni akausukuma mlango ukajifunga, akapachika komeo. Na kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyelelewa kisiwani, akasema:

"Hiyo barua ni ya kwetu, binti. Nipe."

Itaendelea.